Wanafunzi wa uuguzi tunachekana mbele ya wagonjwa: hivi tunajielewa kweli?

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira, mtanivumilia.

Mimi ni muuguzi wa cheti, nilifanya kazi zahanati ya kijijini, sasa nimerudi chuo kuchukua diploma. Jina la chuo siliweki. Darasani tumechanganyika, sisi tuliotoka kazini na vijana waliotoka kidato cha nne moja kwa moja. Sisi wanatuita "mabibi", hata wanaume waliomo. Ukinyoosha mkono kuuliza swali, huko nyuma wanaguna. Mkufunzi anafundisha, mtu anaangalia TikTok kwa sauti. Hayo ningeyameza tu.

Mwezi uliopita tulikuwa wodi ya watoto. Kijana mmoja mpole akapewa nafasi ya kuweka kanula, kile kimrija cha dripu kinachoingia mshipani, kwa mtoto aliyekuwa anaharisha. Aliyewahi kutafuta mshipa wa mtoto aliyepungukiwa maji anajua shughuli yake. Akachoma, mshipa ukapasuka, mkono ukavimba. Nyuma yake wenzetu wawili wakaangua kicheko, mmoja akasema bila hata kushusha sauti: "Huyu alipotea njia, alikuwa anaenda kusomea cherehani." Mama akamnyakua mwanawe. "Niitieni nesi wa kweli!" Hakutaka tena kuguswa na yeyote mwenye sare ya mwanafunzi, ikabidi nesi wa zamu aache toroli la dawa aje kumbembeleza, na mtoto muda wote huo hana dripu. Jioni sura ya yule kijana ikawa stika kwenye grupu la darasa. CR, yaani kiongozi wa darasa, ambaye ndiye admini, akajibu kwa vikatuni vya kucheka!

Mnaosema ni utani wa chuo, sikilizeni hili. Tangu siku ile kijana haulizi kitu. Nimemkuta kwenye kona anapiga hesabu ya dozi ya jentamaisini, antibayotiki ya sindano, peke yake, jasho linamtoka. Ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, mtoto anapewa kulingana na kilo zake, na ukizidisha unaweza kumharibia figo na masikio. Inchaji, nesi msimamizi wa wodi, alikuwa amekaa pale pale mezani. Kijana hakumfuata, kwa kuogopa kuchekwa.

Na manesi wa wodini msijifiche. Wapo wanaomfokea mwanafunzi "we mwanafunzi, hujui hata kutandika kitanda?" mbele ya ndugu wa mgonjwa. Vijana wanajifunzia hapo hapo, halafu tunashangaa.

Chuo kimefanya nini? Mkufunzi wa maadili alitusomea kanuni, tukanakili, tukajibia mtihani, basi. Darasa likae siku ya kwanza liandike lenyewe masharti yake, grupu la WhatsApp likiwemo, kila mtu asaini. Anayemcheka mwenzake wodini aondolewe wodini siku hiyo hiyo na logibuku yake, lile daftari la kazi za wodini, isisainiwe, mbona anayechelewa anafanyiwa hivyo? Na tufundishwe kujibu. Martha Griffin, muuguzi Mmarekani, mwaka 2004 alichapisha utafiti wake wa Boston: wauguzi wapya walifanyishwa mazoezi ya sentensi za kumjibu anayewadhalilisha, wakapewa na vikadi vya kutembea navyo. Walipomkabili mtu, tabia ikakoma. Sentensi zenyewe hazina makuu, ni kumwambia mtu kwa utulivu "naona kuna jambo, tuongee pembeni". Hilo linataka bajeti gani?

Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kukufutia leseni kwa utovu wa maadili. Sasa huyu aliyetengeneza stika, akishapata leseni mwakani, ataacha lini?

Wakufunzi mliomo humu, chuoni kwenu nani anashughulikia kesi kama hii, mshauri wa wanafunzi au mkuu wa idara? Maana kwetu kila mmoja anamtupia mwenzake. Na wewe unayekuja na "mbona sisi tulivumilia", uzi huu upite tu.