Nyumba ya mzee Sinza: tuiache, tuuze au tupandishe ghorofa?

Kitindamimba
Wadau habari za jioni, naombeni mawazo. Mzee wetu alituachia nyumba Sinza hapa Dar, ile ya kizamani ya korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani choo na bafu na banda la vyumba vinne ambalo mzee aliliongeza kidogo kidogo kila akipata hela. Zamani mtaa mzima ulikuwa hivyo, mabati matupu. Sasa hivi kushoto kwetu kuna ghorofa nne, kulia fremu na loji, nyuma wanachimba msingi, jua la asubuhi uani halifiki tena na mama siku hizi anaanika nguo barazani. Kikao cha familia kimekwama, bro mkubwa anataka tuvunje tujenge apatimenti, dada anasema tuuze tugawane, mama hataki hata kusikia. Hivi hivi viwanja vyetu vilipimwa kwa ajili ya maghorofa kweli? Na huu msongamano utaishia wapi?

Babu wa Kumekucha
Mjukuu wangu, ghorofa wapi bwana. Ule ulikuwa mradi wa viwanja na huduma, serikali na Benki ya Dunia, katikati ya miaka ya 70. Sinza, Kijitonyama, Mikocheni walipima, wakachonga barabara, wakaleta mabomba, nyumba ujenge mwenyewe kwa nguvu zako. Kule Manzese ambako watu walishajenga bila kupimiwa hawakubomolewa kama ilivyokuwa desturi kabla ya hapo, walipitishiwa barabara na maji hapo hapo walipo. Na msidanganyike na hii "hai densiti" ya madalali, maana yake ni viwanja vidogo vingi, haimaanishi kwenda juu. Ilikusudiwa watu wa kipato cha chini lakini mnyonge akipata kiwanja saruji anaitoa wapi, mkopo wa Benki ya Nyumba nao ulikuwa na wenyewe, basi wengi waliomalizia kujenga wakawa watumishi na watu wenye uwezo wao. Mimi nilihamia nikachekwa kwamba nimekwenda kuishi na fisi. Leo hao hao wananiulizia kama nauza.

fundi_chemba
Wote mnaangalia juu, mimi nawaambia angalieni chini. Nyumba ya korido ilikuwa na choo kimoja cha shimo, watu wanaoga kwa ndoo, maji yanayoingia ardhini kidogo tu. Sasa weka apatimenti 8 kila moja na choo cha kuflashi na shawa na mashine ya kufulia, kiwanja ni kile kile na shimo lazima likae humo humo. Nilishafanya kazi mtaa mmoja hapo Sinza, tumechimba tukaangukia shimo la zamani lililofukiwa na takataka, ikabidi tulihamishe karo la majitaka mpaka chini ya paking, jengo halijamaliza mwaka gari la kunyonya majitaka linakuja kila wiki mbili na wapangaji wanahama kwa harufu. Kabla bro hajachora ramani ulizeni kwanza kama bomba la majitaka linapita mtaani kwenu. Na kibali. Watu wanajenga mpaka ukutani kwa jirani, dirisha linatazama dirisha, unasikia mwenzio akikoroga chai.

Mpangaji Sugu
Naomba niwabishie kidogo kuhusu msongamano. 2009 nilipanga chumba Sinza Mori kwenye nyumba ya korido, tulikuwa watu 27 wakubwa na wadogo, nakumbuka vizuri kwa sababu bili ya maji tulikuwa tunagawana kwa kichwa na kila mwezi lazima ugomvi. Leo nakaa ghorofani hatua chache tu kutoka pale, apatimenti 8, jumla tupo 15! Ghorofa imekwenda juu watu wamepungua, kilichoongezeka ni magari, asubuhi yanazibiana hapo chini mpaka mlinzi ndiye anakaa na funguo zote. Wale 27 kodi ya miezi sita mkupuo wataitoa wapi, mama mmoja wa pale yuko Chanika pembezoni mwa mji, mwingine Goba ndani ndani huko kwenye nyumba haina hata dari. Kwa hiyo mkisema mji unajaa, mkoa ndiyo umejaa, sensa ya 2002 Dar tulikuwa kama milioni 2.5, ya 2022 milioni 5.38, lakini hao wote hawajaja Sinza, Sinza imebadilisha aina ya watu tu.

Wakili Msomi
Mkijenga kuna sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo, kila mtoto anaweza kuwa na hati ya apatimenti yake. Ila anzeni na mirathi, msije mkamwaga zege kwenye kiwanja ambacho bado kina jina la marehemu.

Kitindamimba
Ahsanteni sana, babu shikamoo. Baada ya kumsoma Mpangaji nimezunguka nikahesabu, tukiwatoa sisi wa familia wapangaji ni 22 kwenye vyumba saba, wawili walikuwepo tangu enzi za Mkapa. Bro nimemtumia ya fundi akajibu "ntaangalia". Kesho asubuhi namleta mtu afunue shimo la uani tuone lilivyo, mama kakubali hilo tu, na kasema mwembe usiguswe.