Zimebaki kopa tisa: nifuate dau lote au nitupe karata?

Mtaka Hesabu:
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ufafanuzi kuhusu poka ya Texas Hold'em, ile ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Mkononi nina tisa na nane za kopa. Karata tatu za kwanza zinafunuliwa: mfalme wa kopa, nne ya kopa na mbili ya pau. Katikati kuna chipu 900. Mpinzani pekee aliyebaki anaweka zote alizonazo, yaani 1,500, nami ninazo za kumfuata. Nikipata kopa moja tu nitakuwa nazo tano, na nimesoma kwamba nafasi yangu ni asilimia 35. Wenzangu mezani wamegawanyika: mmoja anasema nafasi kama hiyo haiachwi, mwingine anasema asiyekuwa na hata jozi hana sababu ya kuhatarisha chipu zote. Yupi yuko sahihi, na je, jibu lingebadilika iwapo mimi ndiye ningetangulia kuweka dau lote?

Fundi wa Namba:
Asilimia 35 uliyoisoma ni sahihi, na ni vyema ujue inavyopatikana. Kopa zote ni 13, wewe umekwisha kuziona nne, hivyo zimebaki tisa kati ya karata 47 usizoziona. Uwezekano wa kuikosa kopa mara zote mbili ni 38/47 mara 37/46, yaani takriban asilimia 65, na kinachosalia ndicho nafasi yako. Mezani, ambako huwezi kutoa kalamu, zidisha karata unazozihitaji kwa nne: tisa mara nne ni 36, tofauti ya moja tu. Njia hiyo inafaa hapa kwa sababu mwenzako amekwisha kuweka zote, kwa hiyo utaziona karata mbili zilizobaki bila kudaiwa chipu nyingine. Kama angekuwa bado na chipu za kukudai baadaye, ungekuwa na uhakika wa kuiona karata moja tu, na nafasi yako kwa karata hiyo ni asilimia 19.

Hata hivyo 35 peke yake haikuambii lolote mpaka uilinganishe na bei. Unatakiwa utoe 1,500 ili ushindanie jumla ya 3,900, yaani 900 za awali, 1,500 zake na 1,500 zako. Gawanya 1,500 kwa 3,900 upate asilimia 38.5. Nafasi yako iko chini ya bei, na ukifuata utapoteza kwa wastani chipu 135 kila mara hali hii inapojirudia. Tupa karata. Lakini kama angeweka 600 badala ya 1,500, bei ingekuwa 600 kwa 2,100, chini kidogo ya asilimia 29, na hapo kutupa ndiko kungekuwa hasara.

Shupaza:
Naafiki, ila naomba tusizihesabu karata tisa zile kana kwamba zote ni salama. Tuseme mpinzani ana nne mbili mkononi, na ya tatu ipo mezani. Mbili ya kopa, ambayo wewe ungeishangilia, itafanya mbili za mezani kuwa jozi, naye atakuwa na nne tatu pamoja na jozi hiyo, mkono unaozishinda kopa zako tano. Tena hata ukipata kopa salama mapema, karata ya mwisho inaweza kuleta jozi nyingine na kukupokonya. Dhidi ya mkono wa namna hiyo nafasi yako hushuka hadi karibu asilimia 25. Kinyume chake, kama badala ya tisa na nane ungekuwa na ree ya kopa na kopa nyingine ndogo, na mpinzani ana jozi ya wafalme tu, ree tatu zilizobaki nazo zingekuokoa. Karata 12 ni karibu asilimia 45, na ungefuata bila kusita.

Mzee wa Karata:
Swali lako la pili ndilo lenye uzito zaidi. Anayefuata ana njia moja tu ya kushinda, nayo ni kuonyesha mkono bora. Anayetangulia kuweka dau lote ana mbili, kwa sababu mwenzake anaweza kutupa karata. Chukua namba zile zile. Wewe ndiye unaweka 1,500 juu ya zile 900. Akifuata, upo pale pale kwenye hasara ya wastani wa 135. Akitupa, unachukua 900 papo hapo. Ukizipima pande hizo mbili utaona kwamba inatosha atupe mara 13 katika kila 100 ili usipate hasara. Karata hazijabadilika wala chipu hazijaongezeka, lakini uamuzi umegeuka.

Mwaka 2003 jijini Las Vegas, katika mashindano makuu ya World Series of Poker, Chris Moneymaker aliweka zote baada ya karata ya mwisho akiwa na mfalme na saba mkononi, bila hata jozi. Sam Farha alikuwa na jozi ya tisa, akafikiri kwa muda mrefu, akatupa. Nafasi ya Moneymaker ya kushinda kwa kuonyesha karata ilikuwa karibu na sifuri. Alichokipima ni uwezekano wa mwenzake kuachia. Akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Mtaka Hesabu:
Nashukuru sana. Sasa hizo 13 nitazijuaje, ilhali hazimo katika karata 47?

Mzee wa Karata:
Zimo katika mwenendo wa mpinzani. Jiulize ni mikono gani angeweza kufika nayo hapo kwa jinsi alivyocheza tangu mwanzo, kisha ni mingapi kati ya hiyo angeweza kuitupa. Mwenye sita mbili au saba mbili akiona mfalme mezani hutishika. Mwenye mfalme mkononi hatupi kirahisi. Mtu ambaye tangu jioni amefuata kila dau, usimwekee zote kwa kutarajia kwamba ataachia. Kwake rudi kwenye hesabu ya Fundi, usubiri mkono uliokamilika.

Shupaza:
Na kama ni mashindano ambayo ukiishiwa chipu unatoka, dai zaidi ya hizo 13, kwa sababu chipu unazozipoteza zote zina thamani kubwa kuliko idadi ile ile unayoipata.