Kifaa cha njia mbili: je, maana yake ni moja katika redio, swichi na spika?

Mkaazi wa Mkomani:

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wajuzi, kwani neno moja limenikanganya sana mwezi huu. Nyumba yetu hapa Lamu ni ya mawe, ya zamani, na ngazi zake ni za mwinuko mkali, tena hazina dirisha. Mamangu, ambaye hushuka alfajiri kutia udhu, aliomba taa ambayo ataiwasha juu na kuizima akishafika chini. Fundi alituwekea swichi mbili akasema ni za njia mbili, lakini ya chini ikizimwa, ya juu haifanyi kazi kabisa, na mama hulazimika kushuka kwa kupapasa ukuta. Kisha nikanunua spika niliyoambiwa ni ya njia mbili, nikidhani nitaiweka mlangoni ili aliye juu azungumze na mgeni aliyekaa dakani, yaani barazani mbele ya mlango. Inatoa sauti nzuri, ila haipokei chochote. Sasa kaka yangu, ambaye huvua nje ya Manda na mara nyingine hufika Kiwayu, anataka kununua redio mbili za njia mbili, nami naogopa tutakosea tena. Neno hili lina maana gani hasa?

Fundi wa Langoni:

Waalaykum salaam, dada. Neno ni moja, lakini kinachopita njia mbili hutofautiana kwa kila kifaa. Katika swichi, ni umeme uliowekewa njia mbili za kuchagua. Swichi ya kawaida ina skrubu mbili za kufungia nyaya, na kazi yake ni kuunga au kukata. Ile tunayoiita tu-wei, yaani ya njia mbili, ina tatu: moja ya pamoja, yaani komoni, na mbili za kupokezana. Waya wa moto huingia kwenye komoni ya swichi ya kwanza, waya wa kwenda kwenye taa hutoka kwenye komoni ya swichi ya pili, na baina yao hupita nyaya mbili. Swichi zote mbili zikigeukia waya mmoja, taa huwaka, zikitofautiana, huzimika. Ndiyo maana mtu anaweza kuibadilisha hali ya taa akiwa upande wowote.

Kwa dalili ulizoeleza, ama fundi alitumia swichi za kawaida akazifuatanisha, hivyo lazima zote ziwe zimewashwa ndipo taa iwake, ama zote ni tu-wei lakini komoni imefungwa mahali pasipo pake. Umeme wa nyumbani ni volti 240, kwa hiyo usifungue kitu kabla ya kuzima swichi kuu na mtu mwenye testa, yaani kipima umeme, kuhakikisha kuwa waya haina moto. Hesabuni skrubu kwanza. Kosa likiwa ni la komoni, ni kazi ya dakika chache, lakini swichi zikiwa za kawaida itabidi zibadilishwe na huenda ikalazimu kuvuta waya mwingine, na nakusihi msikubali ukuta wa matumbawe uchimbwe kwa ajili hiyo wakati waya unaweza kupitishwa ndani ya mfereji wa plastiki juu ya chokaa.

Nahodha wa Shela:

Mimi nitasema juu ya redio, kwa sababu hapo kosa hugharimu roho. Redio ya njia mbili hutuma na kupokea, lakini nyingi haziwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja: ukibonyeza kitufe unasema na husikii, ukikiachia unasikia. Kitufe kikikwama ndani kwa sababu ya chumvi, huziba chaneli nzima kwa kila aliye karibu, basi mwambie kakako akisafishe.

Asinunue redio yoyote ya mkono aionayo dukani. Zile za walinzi wa hoteli nyingi hutumia masafa mengine ya mawimbi, na meli haitamsikia. Atake redio ya baharini ya VHF, yaani ya mawimbi ya masafa ya juu sana, yenye chaneli namba 16, ambayo ni megahezi 156.8, kwani hiyo ndiyo chaneli ya kuitana na ya kuomba msaada duniani kote. Simu humfikia mtu mmoja uliyempigia, tena kama mtandao upo. Mwito wa chaneli 16 husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyowashwa kwenye chaneli hiyo. Akipatwa na hatari ya kufa, atamke "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo, mahali alipo, shida yenyewe na idadi ya watu.

Ajue pia mpaka wake. Mawimbi ya VHF huenda karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo redio mbili za mkono za wati 5, watu wakiwa wameketi mashuani, hufikiana maili chache tu za bahari. Antena ikipandishwa juu ya mlingoti, umbali huongezeka sana. Kimo cha antena kina manufaa zaidi kuliko wati. Na kwa kuwa masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, aulize habari ya leseni kabla ya kulipa.

Mtengeneza Vipaza Sauti:

Dada, spika yako haina kosa. Njia mbili hapo ni mgawanyo wa sauti: nzito huenda kwenye wufa, yaani spika kubwa iliyo ndani, kali huenda kwenye twita, ile ndogo. Unachohitaji mlangoni ni intakomu, yaani kifaa cha kuzungumza na kusikilizana baina ya mlangoni na ndani. Ajabu ni kwamba intakomu nyingi za zamani zilitumia spika ileile kama maikrofoni, kwa sababu koili, yaani waya uliozungushwa, ikitikiswa na sauti mbele ya sumaku huzalisha umeme mdogo.

Mkaazi wa Mkomani:

Shukrani nyingi. Kaka alizima swichi kuu akafungua: juu skrubu tatu, chini mbili. Fundi wa Langoni, je, ya juu yaweza kubaki?

Fundi wa Langoni:

Naam, ibaki. Nunueni moja ya tu-wei kwa ajili ya chini, na mtazame kama nyaya baina ya swichi hizo ni mbili au moja.

Mkaazi wa Mkomani:

Ni moja. Tutapitisha wa pili juu ya chokaa.