Kochi, Kerala: tiketi inatua Ijumaa saa tisa usiku, niichukue?

Msafiri_Mpole

Habari za leo wakuu. Tunapanga kwenda Kochi, kusini mwa India, watu watatu: mimi, mke wangu na mama mzazi mwenye miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua. Tunaanzia Nairobi. Safari nzima ni siku kumi: nne au tano Kochi, zilizobaki Alappuzha kwenye boti za kulala na Munnar milimani.

Nimeona tiketi mbili. Moja inapita Ghuba, tiketi moja mpaka Kochi, inatua Ijumaa saa tisa usiku. Nyingine ni nafuu zaidi: Nairobi hadi Mumbai, halafu tiketi ya pembeni ya ndege ya ndani hadi Kochi, katikati kuna saa tatu. Julai bei iko chini sana, Januari iko juu. Viza na chanjo zikoje? Na tulale upande gani wa mji, maana naona kwenye ramani kila kitu ni kisiwa?

Karani_wa_Tiketi

Hiyo ya Mumbai ya saa tatu achana nayo. India unagongewa muhuri kwenye uwanja wa kwanza unaotua. Kwa hiyo Mumbai mtapita dawati la afya, uhamiaji, mtasubiri mizigo, mtapita forodha, kisha mtatoka na kuanza upya kama abiria wa ndani. Ndege za kimataifa zinatua Terminali 2, ila baadhi ya za ndani huondokea Terminali 1, na kati ya hizo mbili mnakwenda kwa gari kupitia barabara za mji, foleni zikiwemo. Hata kuingia jengoni, askari wa mlangoni anataka aone tiketi na pasipoti. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili huidai kitu wala haikujui, tiketi yako imekufa.

Halafu uzito. Tiketi za ndani za India daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 15 za kupakia na 7 za mkononi. Mkitoka Nairobi na mabegi ya kilo 23 mtalipia kila kilo iliyozidi, na ule unafuu unaishia kaunta. Mumbai inafaa ikiwa safari yote iko kwenye tiketi moja, au mkiamua kulala hapo usiku mmoja.

Unapotafuta ndege andika COK. Ukiandika Kochi peke yake, baadhi ya mitandao hukuletea Kochi ya Japani, ambayo ni KCZ. Kwenye fomu ya viza pia uwanja umeandikwa Cochin, na ni mojawapo ya viwanja vinavyopokea viza ya mtandaoni.

Viza yenyewe iombwe kwenye tovuti ya serikali ya India tu, anwani yake inaishia na gov.in. Zipo nyingi za mawakala zilizopambwa zifanane nayo. Andaa picha ya mraba yenye mandhari meupe na ukurasa wa pasipoti wenye picha katika faili la PDF. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 kuanzia siku ya kufika, na kurasa mbili tupu. Viza ya utalii ya siku 30 inaombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika. Ya mwaka mmoja unaweza kuiomba mapema zaidi. Mwisho ni siku 4 kabla, ila msiukaribie: picha ikikataliwa mnaanza kuhesabu saa, na ada hairudishwi.

Panapokwamisha watu wengi ni majina. Jina la ukoo liingie kwenye nafasi yake, mengine yote yaliyo kwenye pasipoti yaingie kwenye nafasi ya majina ya mwanzo, bila kuacha la katikati. Jibu likija, chapisheni karatasi. Pia kuna kadi ya kuwasili ya mtandaoni, iliyoanza Oktoba 2025, inayojazwa ndani ya saa 72 kabla ya kutua. Ni bure; anayekudai hela kwa ajili yake ni tapeli.

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo kubwa kwenu, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya India. Cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na kupitia Dubai au Doha hakubadili mlikoanzia. Asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Tangu 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kama mama alishachanjwa zamani tafuteni ile kadi ya njano kabatini. Kama hajawahi, msimpeleke tu sindanoni: kwa mwenye miaka 60 na kuendelea anayechanjwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa iko juu kidogo, lazima daktari ampime kwanza. Daktari akikataa, ulizeni ubalozi wa India kabla ya kulipia tiketi, si baada.

Sigara za kielektroniki ziacheni nyumbani, India ilizipiga marufuku 2019. Simu za setilaiti vivyo hivyo, zinakamatisha watu. Rupia msibebe, mgeni haruhusiwi kuingia nazo. Noti za kigeni zikizidi thamani ya dola 5,000 zitangazwe forodhani.

Mzee_wa_Bandari

Karani kamaliza upande wa tiketi. Mimi naongeza mwezi na saa.

Julai ni nafuu kwa sababu ni katikati ya masika yao. Mvua za kusi hufika Kerala kwa kawaida karibu na tarehe 1 Juni, na pwani hiyo ndiyo ya kwanza India bara kuzipokea. Kwa mama mwenye magoti, mawe yenye utelezi na kupanda vyombo mvua ikinyesha si jambo la kubana matumizi. Barabara ya Munnar nayo hupata maporomoko ya udongo. Uwanja wa ndege uko Nedumbassery, karibu na mto Periyar; mafuriko ya Agosti 2018 yaliufunga karibu wiki mbili, na Agosti 2019 ukafungwa tena kwa siku chache. Nyongeza kwa wapenda samaki: kuanzia usiku wa tarehe 9 Juni hadi mwisho wa Julai, Kerala husimamisha meli za kukokota nyavu kwa siku 52. Samaki hawakosekani, maana mitumbwi inaendelea, lakini uchaguzi unapungua na bei inapanda.

Januari ni kukavu, mchana nyuzi 31 au 32, usiku panapoa kidogo. Bei iko juu na inastahili. Ila msifike wiki ya mwisho ya Desemba: Fort Kochi, mji mkongwe wa upande wa bahari, hufanya kanivali yake, usiku wa mwaka mpya huchoma sanamu la mzee, barabara zinafungwa na vivuko vinafurika. Baada ya tarehe 5 hivi mji unapumua. Mwaka wenye Biennale (maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili) vyumba vya Fort Kochi huwa adimu hadi Machi.

Sasa hiyo saa tisa usiku. Wengi hukosea hapa kwenye hoteli. Mnatua usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo chumba mnachohitaji ni cha Alhamisi. Mkiandika Ijumaa mtakaa kwenye viti vya mapokezi hadi mchana, maana hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia saa sita au saa nane. Lipieni Alhamisi na muiandikie hoteli kwamba mtafika karibu saa kumi na moja alfajiri, la sivyo watawahesabu hamkuja na kukiuza.

Uzuri wa saa hiyo ni barabara nyeupe. Kutoka uwanjani hadi Ernakulam, upande wa mji ulio bara, ni kama kilomita 30, hadi Fort Kochi zaidi ya 40. Alfajiri ni saa moja au zaidi kidogo. Jioni safari hiyo hiyo inakula saa mbili. Treni ya mjini haiwafai, kwanza haifiki uwanjani (kituo cha mwisho ni Aluva, na kuna basi la umeme la kuunganisha), pili usiku huo imelala. Chukueni teksi ya kulipia kabla kwenye kaunta ya ukumbi wa kuwasili. Mnapewa risiti, mpeni dereva mkishafika, si mnapoingia garini, kwa sababu hiyo ndiyo anayoitumia kudai fedha zake.

Kiti cha magurudumu kwa mama kiombwe kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla, kwa kila kipande cha safari. Wanasahau cha kurudi.

Kulala? Mimi nasema Ernakulam bara. Hospitali, stesheni, lifti, kila kitu kipo.

Bi_Kivukoni

Shikamoo Mzee, lakini hapo sikubaliani. Wanaokaa siku nne kuangalia Fort Kochi na mtaa wa jirani wa Mattancherry wakilala Ernakulam watavuka maji kila siku na mama mwenye magoti. Fort Kochi ni tambarare, nyumba za ghorofa moja au mbili, mengi yanatembeleka kwa miguu. Chukueni chumba cha chini Fort Kochi, kisha usiku wa mwisho kabla ya ndege hamieni upande wa Aluva.

Mkiweka nafasi kwenye gesti ndogo, ulizeni kwa maandishi kama inapokea wageni wa nje. Sheria inaitaka kila nyumba ipeleke taarifa za mgeni kwa mamlaka ndani ya saa 24, fomu inaitwa Form C, na ambazo hazijasajiliwa hukataa mgeni mlangoni. Wataomba nakala ya pasipoti na ya viza, tembeeni na nakala tatu tatu.

Kuhusu kuvuka: kuna kivuko cha zamani cha serikali ya jimbo kutoka gati la Ernakulam, nauli yake ni rupia chache tu, lakini unaruka ukingo na chombo kinacheza. Water Metro, iliyoanza Aprili 2023, ni boti za umeme zinazofunga kwenye magati yanayoelea, hivyo sakafu ya boti na ya gati ziko sawa hata maji yakipwa. Hiyo ndiyo ya mama. Inatoka gati la High Court, upande wa Ernakulam, hadi Fort Kochi, nauli rupia 40, na tangu Oktoba 2025 ina kituo Mattancherry. Jumapili jioni foleni ni ndefu kwa sababu wenyeji nao wanaipenda, nendeni asubuhi.

Kufika Ijumaa kunaharibu ratiba ya watu bila wao kujua. Jumba la Mattancherry, ambalo madereva hulitaja kama Dutch Palace ingawa waliolijenga ni Wareno, hufungwa Ijumaa. Sinagogi la Paradesi, la 1568, hufungwa Jumamosi, na Ijumaa mchana msilitegemee. Kwa hiyo Mattancherry yote iwekeni Jumapili au baadaye. Ijumaa lala, jioni nendeni kwenye nyavu za Kichina (nyavu kubwa za kuvulia zinazosimikwa ufukweni) na Basilika ya Santa Cruz. Jumamosi kanisa la Mtakatifu Fransisko, alipozikwa Vasco da Gama 1524 kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno. Jumapili asubuhi kuna ibada, hamtatembea ndani. Sinagogi mnavua viatu. Jumba lina ngazi, mama akishindwa akae nje kivulini.

Kwenye nyavu wavuvi watawaita mvute kamba. Ni malipo, si ukarimu, kubalianeni kwanza. Samaki wa hapo nao wana bei mbili: ya kununua na ya kupika kwenye kibanda cha jirani. Bajaji anayewazungusha mji kwa bei ya ajabu ajabu anategemea kamisheni ya maduka ya mazulia na viungo. Mwambieni mapema hamtaki duka hata moja, mlipe bei kamili. Kuogelea Fort Kochi hapana, ni mlango wa bandari, mkondo mkali na takataka. Cherai, kaskazini mwa kisiwa cha Vypin, ndiyo fukwe.

Msafiri_Mpole

Shukrani sana, nimeshaiacha ya Mumbai, tunaelekea Januari. Boti za kulala za Alappuzha ni kweli zinatembea usiku kucha? Na simu na umeme?

Bi_Kivukoni

Hazitembei usiku. Mnapanda karibu saa sita mchana, na ikifika saa kumi na moja na nusu jioni zinafunga kando, kwa sababu wavuvi wanatega nyavu. Asubuhi zinasogea kidogo na saa tatu mmeshuka. Mnanunua kama saa tano za mwendo, basi ulizeni njia na si idadi ya vyumba tu. Ulizeni pia kiyoyozi: nyingi hukiwasha saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mchana ni feni. Kwa mama ombeni chumba cha chini, na mtu wa kumshika mkono penye ubao wa kupandia.

Alappuzha ni kilomita 55 hivi. Treni ni nafuu na tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla, lakini stesheni ya Ernakulam Junction ina madaraja ya ngazi; kwa watu watatu teksi haina mjadala. Munnar ni kilomita 130 za kona, saa nne au tano, na usiku wa Januari huko ni wa sweta.

Karani_wa_Tiketi

Laini ya simu wanauza uwanjani, wanataka pasipoti na viza. Haiwaki papo hapo, inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo pakueni ramani na anwani ya hoteli kabla ya kuondoka. Umeme ni volti 230, karibu sawa na wa Kenya, lakini plagi ya pini tatu bapa haiingii. Tafuteni adapta ya pini za duara. Pawabenki iwe begi la mkononi. Saa zao ziko mbele kwa saa mbili na nusu.

Siku ya kurudi, kama ndege ni ya kimataifa mwambieni dereva Terminali 3, kwa sababu Terminali 1 ni ya ndani. Mlangoni mtaonyesha tiketi. Iwe kwenye karatasi au imehifadhiwa ndani ya simu, msitegemee intaneti ya hapo nje.

Mzee_wa_Bandari

Jambo moja: tarehe 1 ya kila mwezi Kerala hawauzi pombe, kwa anayejali. Na mkisikia neno hartal, ni mgomo wa siku nzima: maduka yanafungwa na teksi zinagoma. Ikiangukia siku ya ndege, ondokeni mjini usiku uliotangulia mlale Nedumbassery.