Wenye vilabu Nairobi, mnataka nipande nguzo ama nikae na mteja?

Wadau, leo salamu ni fupi. Nacheza densi ya nguzo kwenye kilabu kimoja Westlands, jina silitaji kwa sababu kodi ya nyumba bado inanidai. Ijumaa nimekatwa shilingi 1,000 eti sikuhudumia meza. Wiki iliyotangulia mwenzangu alikatwa kwa kukaa mezani na kuacha jukwaa tupu. Meneja ni yule yule! Na huyo meneja hajawahi kuigusa hiyo nguzo, hata kwa kuipangusa vumbi.

Basi nimweleze hapa, maana ofisini hasikii. Nguzo inashikwa na ngozi. Hizo nguo fupi mnazotolea macho, nusu yake ni za usalama: ukiwa kichwa chini miguu juu, kinachokuzuia usidondoke ni paja, kwapa, kiuno na nyuma ya goti. Ukivaa suruali ya kitambaa, unateleza. Ukijipaka losheni, unateleza. Siku ya kazi nashinda nimepauka miguu kama mtoto aliyetoka kuchezea majivu, na kabla ya kupanda lazima nipanguse chuma kwa spiriti. Julai ndiyo balaa, chuma kinakuwa baridi hadi ngozi inakataa kushika, inabidi ukikumbatie kwanza kipate joto huku watu wanadhani umeanza mbwembwe.

Sasa bosi anataka nikishuka tu nizunguke meza. Haya. Wa kwanza anakula nyama choma, anakupa mkono wa salamu na vidole vinang'aa mafuta. Wa pili anakukumbatia, anakuachia manukato shingo nzima. Wa tatu mkono wake "umepotea njia" ukafika pajani, na baunsa anaangalia mpira kwenye TV. Dijei anaita jina lako papo hapo. Nimwambie dijei angoje ninawe? Unapanda na mafuta ya mbuzi kiganjani, nguzo yenyewe inazunguka, na chini ni vigae, hakuna godoro.

Halafu kuna mambo ya kinywaji. Mteja akifungua mzinga, yaani chupa kubwa ya pombe kali, kilabu kinauza na wewe unapata kamisheni yako. Ukikataa kunywa naye umemvunjia heshima. Ukikubali, nusu saa baadaye uko juu, kichwa chini, unazungushwa. Nani alikaa chini akapanga kazi namna hii? Kuna watu wanashindana kwa nguzo kama mchezo kamili, shirikisho lao la kimataifa lilipewa hadhi ya mwangalizi mwaka 2017 na GAISF, muungano wa mashirikisho ya michezo duniani. Wale hucheza dakika chache, wamepasha misuli, kuna mtu wa kupangusa nguzo, na hakuna jaji anayewaomba wamkalie mezani kwanza.

Na kinachoniuma zaidi, pesa haiko huko juu! Nikining'inia kwa goti moja, ukumbi mzima unatoa simu. Wanarekodi. Hakuna anayeingiza mkono mfukoni. Pesa inaanza nikishuka, nikitembea polepole, nikimtazama mtu machoni, nikimuuliza ametoka kazi gani na kwa nini uso umekunjamana hivyo. Kwenye taarab mtu anainuka mbele ya kila mtu akamtuze mwimbaji, na ni fahari yake. Kwetu mteja anataka kutuza kwa kujificha, kwa hiyo usipomsogelea ndiyo basi. Marekani wana noti ya dola 1 ya kurusha jukwaani. Noti yetu ndogo kabisa ni ya 50, shilingi 20 ni sarafu, na sarafu ikirushwa inaniumiza. Inabaki M-Pesa. Hapo mtu anabaki na namba yako na jina la kwenye kitambulisho, kesho saa nne asubuhi anakuuliza umeamkaje. Ukimwambia alipe kwa till ya kilabu, subiri meneja akumbuke kukupa chako. Mimi bado nasubiri za mwezi uliopita.

Kwa hiyo nilijipangia: mtindo mmoja mgumu wimbo ukianza, mwingine ukikaribia kuisha, katikati nabaki chini karibu na watu. Wateja wangu wakaongezeka. Meneja akasema nimekuwa mvivu, anataka niwe juu muda wote apate video za TikTok. Mauzo ya meza yakishuka, faini ni kwangu. Video analipwa nani? Si mimi.

Siombi makubwa. Wa nguzo usiku huo awe wa nguzo, na wa meza awe wa meza, tubadilishane kesho yake. Kama ni lazima mtu afanye yote mawili, apewe robo saa ya kunawa na kujipangusa kabla ya kupanda, spiriti na taulo zinunuliwe na kilabu, siyo kwa nauli yangu ya kurudi Umoja alfajiri. Na kinywaji changu kiwe soda bila mtu kuninunia.

Dada zangu mnaocheza tao, katikati ya jiji, na Kilimani, kwenu mnafanyaje? Kuna kilabu kinacholipa kwa usiku bila hesabu ya mizinga? Semeni eneo tu, nitatafuta mwenyewe. Na nyinyi wa "si utafute kazi nyingine," ajira mnazo ama mnaongea tu?