Mrejesho: vibano vya kebo vilivyokuwa vinapata moto

Aksanti kwa wote mliojibu. Niliuliza kwa nini vibano vya chuma vinavyoshika kebo za genereta ya karakana yetu, Kampemba hapa Lubumbashi, vinachemka hadi ganda la kebo linalainika, ilhali kebo hazijazidiwa mzigo.

Papa aliyeuliza kama kila fazi (mmoja wa waya tatu zinazoleta umeme) imefungwa peke yake ndani ya pete ya chuma alipiga penyewe. Ndivyo aliyezifunga alivyofanya. Usumaku wa mkondo unageuka mizunguko 50 kwa sekunde, na pete ya chuma iliyozunguka waya mmoja inaudaka na kupata moto.

Sasa fazi zote tatu zimekaa pamoja kama mafiga, ndani ya kibano kimoja cha alumini cha vipande viwili, chenye mpira ndani. Usumaku wao karibu wote unafutana, na alumini haivutwi na sumaku. Nikishika sasa, ni baridi.

Vifungo vya plastiki mlivyopendekeza sikuvitaka. Shoti ikipiga, kebo zinasukumana kwa nguvu inayokua kwa mraba wa mkondo: mkondo mara 10, msukumo mara 100! IEC 61914, kiwango cha kimataifa cha vibano vya kebo, kina jaribio la hilo hasa, na bei ya alumini (imeniuma kweli) nimeilipa kwa sababu hiyo.

Imebaki sehemu inayopanda ukutani. Pale uzito wa kebo unaning'inia, kwa hiyo vibano vitakaribiana zaidi, na mpira nautafuta usioliwa na mazuti (dizeli).