Wakuu, antiheliamu inaponaje kwenye moto ule?

MsomajiUsiku: Wakuu hebu nisaidieni nimekwama tangu jana. Nasoma mambo ya ALICE, jaribio la pale CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe Ulaya, wanagonganisha viini vya atomu za risasi (ile metali) mpaka protoni na nyutroni zenyewe zinayeyuka kuwa rojo la kwaki na gluoni, yaani vijichembe vinavyoziunda. Sawa. Ukurasa unaofuata wanasema humo humo zimetoka duteroni na antiheliamu, yaani kiini cha heliamu cha antimata! Duteroni ni protoni na nyutroni zilizoshikana kwa MeV 2.2 tu (MeV ni kipimo cha nishati, na joto nalo hupimwa hivyo huko), na joto wanalotaja ni MeV 156, mara 70 hivi. Hii si kama kukuta kipande cha barafu ndani ya tanuri la chokaa?

mzee_wa_kwaki: Mkuu barafu hiyo haikuwemo tanurini, imeganda nje. Rojo linapanuka, linapoa, chembe zinatawanyika, sasa protoni na nyutroni zikijikuta jirani na zinaenda upande mmoja kwa mwendo mmoja ndo zinashikana. Chukulia boti imefika Unguja, watu wanashuka kila mtu na njia yake, wawili wanaoelekea Darajani kwa hatua zile zile wanajikuta teksi moja. Watatu ngumu, wanne ndo kabisa. Kwenye risasi pale CERN kila ukiongeza protoni au nyutroni moja idadi inashuka mara 300 na ushee. Watu wa jaribio la STAR kule maabara ya Brookhaven, Marekani, 2011 walitangaza antiheliamu-4 (ile ya chembe nne) kumi na nane tu kwenye migongano ya dhahabu kama bilioni moja. Kumi na nane!

Bi_Takwimu: Usimmalizie kirahisi hivyo. Ukipiga hesabu ya joto peke yake, ukaweka hiyo 156, inakupa idadi ya chembe zinazotoka, kuanzia pioni nyepesi, protoni mpaka viini vya heliamu, karibu sawa na zilizopimwa, kana kwamba viini vilikuwemo humo humo motoni. Watu wamebishana miaka. Mi naegemea kwako kwa sababu 2025 ALICE walionyesha, kwenye migongano ya protoni kwa protoni lakini, kwamba duteroni nyingi zinatokana na chembe za muda mfupi sana kama delta zikishavunjika, yaani moto umeshapita.

tajiri_mtoto: sasa hiyo antimata haiwezi kutulipua

mzee_wa_kwaki: 😂 Hizo kumi na nane hata mbu hashtuki. Ikigusa ukuta wa kigunduzi imekwisha.

MsomajiUsiku: Ya boti nimeielewa, asanteni. Ila haipatritoni, kiini cha protoni, nyutroni na lamda (chembe nzito kidogo kuliko nyutroni), ambayo lamda yake imeshikiliwa kwa MeV 0.1 hivi, nayo imepanda teksi gani?